Korongo Ambalo Kisimba Hakulitaja

Watoto wangu, acheni kupanda Korongo la Mawe Mekundu. Kile kichaka hamtakipata. Mlikwenda kiangazi cha mwaka jana, mkaenda tena mwaka huu, mkarudi na miiba kwenye soksi, mkawalaumu wachoma makala, yaani wachoma mkaa. Wachoma makala wana dhambi zao, lakini hii si yao. Kichaka kile hakijaota pale hata siku moja. Najua, kwa sababu etiketi inayosema kilichumwa pale niliiandika mimi, kwa mkono huu, na wakati naandika nilijua kabisa kwamba naandika uongo.

Haya, nimesema. Mwenzenu Nadège anajua tayari. Ninyi wengine kaeni mnisikilize, maana mtu akisikia kosa bila kusikia kazi yenyewe, haelewi kosa lilipita mlango gani.

Mimi ni Placide Mukalay, wa Katuba. Miaka yangu imepita themanini, na meno yaliyobaki naweza kuyapa majina. Nilifanya kazi katika nyumba ambayo watu wa Élisabethville, yaani Lubumbashi yenu hii, waliiita Nyumba ya Majani. Jina hilo lilitutesa. Mama mmoja alikuja na kikapu akitaka sombe, majani ya muhogo ya kupika. Mwingine alikuja kwa kunyata akitaka dawa ya kumtuliza mume anayezurura. Sisi hatukuwa na sombe wala dawa. Tulikuwa tunakausha mimea, tunaibandika kwenye karatasi ngumu, na chini upande wa kulia tunabandika etiketi: huu ni mmea gani, umetoka wapi, siku gani, na nani aliuchuma. Kisha karatasi inalala kabatini, inangoja mtu wa kuja kuisoma, hata kama bado hajazaliwa. Mtu huyo ndiyo ninyi.

Mkubwa wetu alikuwa Mbelgiji mmoja mrefu. Sisi tulimwita Bwana Lupe, kwa sababu ya kioo chake kidogo cha kukuzia vitu, alichokivaa shingoni hata kanisani. Alikuwa mtu wa haki, kwa kipimo cha wakati ule. Mimi nilikuwa mwandishi wake. Mapadri walinifundisha kuandika Kiswahili cha vitabu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, sioni haya kusema. Herufi zangu zilisimama kama askari siku ya gwaride.

Halafu alikuwapo Kisimba.

Donatien Kisimba alikuwa mtoto wa mwindaji, kutoka upande wa Lufira. Kusoma hakujua hata herufi moja. Lakini mpeleke porini! Mimi nilikuwa naona majani tu, yeye anaona watu anaowajua. Anachuma jani, analisugua kati ya vidole, ananusa, anafumba jicho moja, anasema: "Huyu ni ndugu ya yule wa jana." Bwana Lupe anafungua vitabu vyake vinene, anapekua nusu siku, mwishoe anapiga meza: kweli, ni ndugu ya yule wa jana. Na mimi nimekaa hapo na kalamu yangu, natabasamu na meno yote, moyo unanichoma.

Ndiyo, wivu. Sitalitafutia jina tamu. Kwetu tunasema roho mubaya, na yangu ilikuwa mbaya kweli.

Ilianza wiki yangu ya kwanza kazini. Karatasi zetu zilipakwa sumu ili wadudu wasizile, na kanuni ya kwanza ya nyumba ilikuwa usirambe kidole. Mimi nilikuwa nimemwona katibu wa parokia akifunua daftari la ubatizo: anaramba, anafunua, anaramba, anafunua. Nikaona ndiyo ustaarabu wa mtu anayejua kusoma. Kabla ya saa sita nilikuwa nimelala uani, tumbo linasokotwa. Kisimba alinibeba mgongoni mpaka kwa masista, akanishika kichwa nikinyweshwa maziwa, nikamtapikia viatu.

"Mukalay, ndugu yangu," akaniambia, "weye njo ulitaka kukauka mbele ya majani?"

Nyumba nzima ilicheka kwa miezi. Na Kisimba ndiye aliyekuwa anaisimulia vizuri kuliko wote, mpaka namna nilivyoviringisha macho. Hakuwa na ubaya. Lakini kuokolewa na mtu ni mzigo, hasa mtu ambaye ungependa kumzidi. Kila nilipomwona nilikumbuka vile viatu.

Basi, kabla sijasahau, mambo ya kazi, kwa sababu naona presi zenu siku hizi mnazikaza vibaya. Presi ni mbao mbili na mikanda, katikati magazeti na mimea. Magazeti ya siku za mwanzo badilisheni kila asubuhi, msiseme mtabadilisha kesho. Jani likilala kwenye unyevu linakuwa jeusi, na jeusi halirudi. Wakati wa mvua wekeni presi juu ya mbabula, jiko la mkaa, lakini makala yawe machache, na mtu asiondoke. Mimi niliondoka mara moja tu kwenda kunywa munkoyo kwa jirani. Niliporudi, mimea ya safari nzima ilikuwa majivu, na nusu ya nyusi zangu zilikwenda nikijaribu kuuzima moto. Jani moja kwenye kila tawi ligeuzeni tumbo juu, ili mtu aone manyoya ya chini. Na porini andikeni kwa kalamu ya risasi. Wino ukinyeshewa unakimbia na kukuacha na karatasi tupu.

Jambo la mwisho, ambalo Bwana Lupe alilirudia kama sala: etiketi ya zamani haipasuliwi wala haifutwi. Hata ikiwa na kosa. Ukiona kosa, andika karatasi nyingine ndogo, ibandike pembeni, useme kosa ni nini, kisha utie jina lako na siku. La zamani linabaki, la sasa linakaa karibu yake. Likumbukeni hilo.

Sasa turudi kwa roho yangu mbaya.

Katika nyumba nyingine za namna ile, jina lililoandikwa kwenye mstari wa mchumaji lilikuwa la mzungu, hata kama mzungu mwenyewe alibaki kwenye hema akinywa kahawa. Bwana Lupe hakutaka hivyo. "Mwenye kuchuma ni mwenye kuchuma," alisema. "Andika Kisimba." Nikaandika Kisimba. Niliandika Kisimba leo, Kisimba kesho, na ile K nikiipa mkia mzuri kwa mazoea ya mkono. Mamia ya karatasi, na kila moja inasema Kisimba. Mwandishi wa etiketi hana mstari wake. Siku moja nilijikaza nikauliza: "Bwana, na ule anayeandika, jina yake inaingia wapi?"

Akacheka kwa upole. "Mukalay, muandiko yako njo jina yako."

Maneno mazuri, sivyo? Nendeni mkatazame makabati. Mwandiko wangu umejaa mle, na nani kati yenu alijua ni wa nani?

Halafu ikaja kinga. Bwana Lupe alimpa Kisimba kinga nyeusi, baiskeli mpya kabisa, yenye kengele ya kung'aa, ili aende mbali kuchuma. Sote tulikaa Kenya, mtaa wa hapa mjini, wakati ule, nyumba zetu zikitazamana. Jioni kengele inalia kona ya barabara, kriling kriling, na mke wake, Mama Hortense, anatoka mlangoni na beseni ya maji ya moto, ili mume wake anawe miguu. Kila siku, akisikia kengele tu, beseni imefika. Mke wangu Véronique anaangalia dirishani, ananiwekea bukari, ugali wetu, mezani, anasema bila kunitazama: "Kinga ya Kisimba inalia muzuri, eh?"

Bukari ikanikaba. Maji ya kunawa miguu nilijichotea mwenyewe.

Mwisho wa mvua ya mwaka mmoja Kisimba alirudi kutoka vilima vya upande wa Lufira, vumbi mpaka kwenye kope, na presi mgongoni. Akafungua mbele ya Bwana Lupe. Kilikuwa kichaka kidogo cha kwenye mwamba, majani yanatoka matatu-matatu kwenye kikonyo kimoja, na kingo zake zina meno. Alilisugua moja akatunusisha. Lilinukia embe bichi.

Bwana Lupe akaweka kioo jichoni. Akakaa chini. Akasimama tena. "Rhus," akasema. Hilo ni jina la Kilatini la ukoo, na ndugu zake wengine wapo Katanga, tulikuwa nao kabatini. Lakini huyu hakuwamo kabatini, wala hakuwamo vitabuni. Kulikuwa na maua tu. Ili apewe jina la kwake, yalitakiwa matunda pia.

"Tukipata matunda yake," Bwana Lupe alisema, "hii kichaka itaitwa kwa jina ya Kisimba. Mu Kilatini. Dunia yote itaandika vile." Kisha akamshika Kisimba bega. "Na weye utakuwa kapita wa hii nyumba."

Kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi wote. Nafasi ile nilikuwa nimeingoja tangu nilipoingia. Mimi, ninayejua kusoma! Lakini nisiwadanganye, ukapita haukuniumiza kama lile jina. Niliona mbele yangu wazungu wa Ulaya, wanafunzi, watoto wa wajukuu zetu, wote wanaandika jina la mtu asiyeweza kuliandika mwenyewe. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo, nikauma ngumi.

Jioni ile Kisimba alikuja kwenye meza yangu, kama kawaida yetu. Yeye anasema, mimi naandika.

"Mahali?"

"Korongo ya Nyuki. Kule mawe iko ya mukuba, ile ya rangi ya majani. Nyuki beko mingi sana, angalia hii sikio yangu." Akaonyesha sikio lililovimba, akacheka.

Mukuba ni shaba, mnajua. Korongo la Nyuki lina mawe ya kijani kwa sababu ya shaba. Mwendo wa nusu siku kutoka pale kuna korongo lingine, kavu, lenye mawe mekundu matupu. Nilikuwa nimefika pale safari moja. Kalamu yangu ilisimama juu ya karatasi, kisha ikaenda yenyewe. Hapana, haikwenda yenyewe, niliipeleka mimi. Ikaandika: Korongo la Mawe Mekundu.

Nilipiga hesabu hii kichwani: watakwenda, hawatapata, Kisimba ataaibika. Kisha mimi nitakwenda polepole Korongo la Nyuki, nirudi na matunda, na jina litakuwa la Mukalay.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma, nisikie." Aliniomba hivyo kila siku. Alipenda kusikia maneno yake yakirudi.

Nikasoma: "Korongo la Nyuki." Macho yaliona Mawe Mekundu, mdomo ukasema Nyuki.

"Aksanti, ndugu yangu," akasema.

Halafu akafanya jambo lake ambalo nilikuwa nalichukia. Kwenye kila karatasi kuna kabahasha kadogo ka kuwekea majani na maua yanayodondoka. Kisimba alikuwa anatia humo udongo, kiasi cha ncha ya kidole, kutoka pale pale mmea uliposimama. Baba yake alimfundisha hivyo: ukitoa kitu mwituni, chukua na udongo wake, usikifanye yatima. Bwana Lupe aliona ni uchafu, na kazi ya kuukung'uta ilikuwa yangu. Wa karatasi yetu niliukung'uta vizuri sana. Lakini kila mmea tulikuwa tunatengeneza karatasi mbili: moja yetu, na moja pacha yake ya kupelekwa Ulaya. Za Ulaya alizifunga Kisimba. Hiyo sikuifikiria.

Kiangazi kikafika, na pamoja nacho akafika mzee mmoja kutoka Ubelgiji, mwalimu wa zamani wa Bwana Lupe. Alikuja ili aone kichaka kwa macho yake. Wiki hiyo hiyo baba yake Kisimba akafariki, na Kisimba akaenda kwao kwenye kilio. Mzee hakuwa na siku za kungoja.

"Haizuru," Bwana Lupe akasema. "Tuko na etiketi."

Tukaenda kwa kamyo, kisha kwa miguu. Siku tatu katika Korongo la Mawe Mekundu! Jua linapiga ukuta huu, linarudi ukuta huu. Mzee wa Ulaya alibabuka pua, akavua kiatu kimoja, akakaa juu ya jiwe kama mtoto aliyenunishwa. Mimi nimebeba presi tupu, nainama kila kichaka, najifanya kutafuta. Siku ya pili nilikaribia kusema. Ndipo nikamsikia mzee akimwambia Bwana Lupe kwa Kifaransa, akidhani sielewi, kwamba huyu mtu wako amekuchezea, amechuma kwenye bustani ya mtu akakuletea hadithi. Masikio ya Bwana Lupe yakawa mekundu kuliko yale mawe.

Watoto, nilisikia utamu. Niliteremka lile korongo nikipiga mluzi.

Kisimba alirudi na kichwa kilichonyolewa kwa ajili ya baba yake. Hakupewa hata nafasi ya kupokea pole. Aliitwa buro, ofisini kwa Bwana Lupe, nami nikaitwa.

"Bwana, miye nilisema Korongo ya Nyuki," alisema. Alisema kwa utulivu, akijua jambo litanyooka sasa hivi.

"Karatasi inasema Mawe Mekundu."

"Hapana, Bwana. Karatasi haiwezi kusema vile." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, uso wa mtu anayemwona shahidi wake. "Mukalay, ndugu yangu, soma. Soma ile nilikuambia."

Nikaichukua karatasi. Bado nilikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema nilikosea, ningepigwa kelele, ningekatwa siku za kazi, mambo yangeisha. Nikasafisha koo, nikasoma kwa sauti ya kusomea waraka kanisani: "Korongo la Mawe Mekundu."

Kisimba hakupiga kelele. Alinitazama vile alivyokuwa anatazama jani asilolijua, jicho moja limefumba kidogo. Kisha jicho likafunguka.

"Ah," akasema. "Njo vile."

Alimwambia Bwana Lupe: "Twende leo, nitakuonyesha." Lakini mgeni alikuwa amekwisha ondoka, na aibu imekwisha ondoka naye kwenda Ulaya. Bwana Lupe alifunga kabrasha la kile kichaka, akaandika alama ya kuuliza juu yake, na hakulifungua tena. Kisimba akafukuzwa. Alikwenda kupasua mawe ya kutandika reli.

Mimi nikafanywa kapita. Na kinga, kwa kuwa ilikuwa ya nyumba, nikapewa mimi.

Siku ya kwanza nilirudi nayo Kenya, shati jeupe, mgongo umenyooka. Nilipofika kona nikapiga kengele, kriling kriling. Mlango wa Kisimba ukafunguka, Mama Hortense akatoka mbio na beseni ya maji ya moto, mvuke unapanda. Nafikiri alisahau. Miguu yake ilisikia kengele kabla ya kichwa chake kukumbuka. Akaniona ni mimi. Tulitazamana. Akamwaga yale maji yote chini, mbele ya gurudumu langu, akaingia ndani. Tangu siku ile sikupiga kengele tena, mpaka ikashika kutu.

Mnataka kujua kama nilikwenda Korongo la Nyuki? Nilikwenda! Kiangazi kilichofuata, peke yangu, na gunia la kubebea matunda. Nyuki walinikaribisha wakaniumiza mpaka kwenye ulimi. Kichaka nikakitafuta siku mbili. Nina hakika nilikipita, labda nilikikalia. Kila kitu kilikuwa kijani tu. Mwishoni nikaona kimoja chenye majani matatu-matatu, nikashangilia, nikakata mzigo mzima. Bwana Lupe alikitazama bila hata kuinua kioo.

"Mukalay," akasema, "hii njo bamama bafagilia nayo."

Cheo cha Kisimba nilikuwa nacho, na kinga yake, lakini macho yake alikwenda nayo kwenye reli.

Tulizidi kukutana njiani miaka na miaka, kabla ya uhuru na baada yake. Hakuwahi kunitukana. Alisema tu: "Jambo, kapita." Hata nilipokuwa nimekwisha staafu, yeye bado "Jambo, kapita." Alikufa hivyo, na mimi nilikwenda kwenye kilio chake nikakaa mwisho wa mstari, nikala chakula chao.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilipita Ulaya kwanza. Mwezi uliopita Nadège alinijia hapa Katuba na simu yake mkononi. Karatasi zetu za zamani sasa mnazitunza ninyi kule Kasapa, chuoni kwenu, na yeye alikuwa ameandika barua Ulaya kuuliza habari za ile pacha. Walimtumia picha. Etiketi ile ile, mwandiko wangu ule ule. Kabahasha kamefunguliwa, na pembeni wameweka udongo kwenye kisahani.

"Nkambo," Nadège akaniuliza, maana kwetu babu ni nkambo, "hii udongo inatoka wapi? Korongo yote iko mekundu, na hii iko ya mukuba. Angalia, iko rangi ya majani."

Nikaitazama ile chembe ya kijani. Nilicheka, jamani. Mtu asiyejua kuandika alikuwa ameacha etiketi yake kando ya yangu, na yake ndiyo ya kweli. Kisha kicheko kikageuka, na Nadège akanitafutia kitambaa.

Nilimweleza yote. Nikamwomba anipeleke Kasapa, na mbele ya kabati nikanyoosha mkono nipasue ule uongo. Akanizuia.

"Nkambo, etiketi ya zamani habapasue. Weye mwenyewe njo ulitufundisha."

Basi nikaketi, nikaandika karatasi ndogo. Mkono unatetemeka siku hizi, askari wangu wa gwaride wamelewa. Tukaibandika pembeni ya ile ya zamani.

Nendeni Korongo la Nyuki. Vaeni mikono mirefu, mfunge masikio kwa kitambaa. Msikitafute kwa macho tu, sugueni, nuseni. Kikinukia embe bichi, na kina matunda, kitapata jina la Kisimba kama ilivyoahidiwa. Na msisahau udongo. Najua mtakaoshuka na tawi lile mkononi mtakuwa ninyi wala si mimi, na nawaonea wivu tayari, hasa Nadège na magoti yake mazima. Ugonjwa huu hauponi kwa uzee.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Kenya. Mama Hortense yuko bado, haoni vizuri, anakaa kwa binti yake. Nilijitaja. Hakunikaribisha kiti, nikasimama. Nikamwambia nimeleta maneno niliyoyabandika kwenye karatasi ya mume wake, na kwamba safari hii nitasoma yaliyoandikwa.

"Soma," akasema.

Nikasoma: "Mahali palipoandikwa hapo si pa kweli. Kichaka hiki kilichumwa Korongo la Nyuki, kama alivyosema mchumaji wake, Donatien Kisimba."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaomba mara ya tatu, midomo yake ikifuata jina.

"Ni yote?"

"Chini kuna jina ya ule aliandika ile uongo."

Maisha yangu yote nilitaka jina langu likae kwenye karatasi ile. Mama Hortense akageuza uso upande wangu.

"Soma na yako," akasema.

Nikalisoma.